Magonjwa ya Zinaa: Wanachokijua Vijana na Wasichokijua

Vijana wengi wa sekondari nchini Tanzania wanaujua UKIMWI. Wamefundishwa darasani, wameusikia redioni, na si wachache wenye ndugu au jirani anayetumia ARV. Wakiulizwa kuhusu kisonono, kaswende, klamidia au trikomona, majibu huwa ya kubahatisha. Hali hiyo inatia wasiwasi, kwani Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba magonjwa hayo manne, yote yakiwa yanatibika, huleta maambukizi mapya zaidi ya milioni 1 kila siku miongoni mwa watu wa miaka 15 hadi 49.

Wengi huamini kwamba mwenye ugonjwa wa zinaa hujulikana kwa kumtazama tu. Kweli, mvulana mwenye kisonono kwa kawaida huumia akikojoa na kutokwa usaha siku chache baada ya kuambukizwa. Msichana mwenye ugonjwa huohuo anaweza asihisi chochote, na klamidia hujificha zaidi. Huku nyuma mirija ya uzazi inaharibika polepole, na miaka ikipita hutafuta mtoto akamkosa, au mimba ikatunga nje ya kizazi.

Kaswende nayo ina hila zake. Huanza na kidonda kisichouma, ambacho hupona chenyewe baada ya wiki 3 hadi 6 hata bila dawa. Kijana hushukuru Mungu na kuendelea na maisha, kumbe vimelea vimeshasambaa mwilini. Baadaye hutokea vipele, hata viganjani na kwenye nyayo, navyo hupotea. Ugonjwa ukigunduliwa katika hatua hizi, dozi moja ya sindano ya penisilini kwa kawaida hutosha.

Kinachowazuia wengi kufika kwenye sindano hiyo ni aibu. Katika foleni ya zahanati ameketi rafiki wa mama, na dirishani muuguzi anauliza kwa sauti, “Na umri huo umeshaanza mambo hayo?” Anayeulizwa hivyo mara moja harudi tena. Huenda duka la dawa, akasema ana UTI, akanunua vidonge vinavyolingana na hela aliyo nayo. Dalili hupungua, ugonjwa hubaki, na vimelea huzoea dawa.

Sheria imejitahidi kwenda na hali halisi: tangu mwaka 2019, kijana wa Tanzania mwenye miaka 15 anaweza kupima VVU bila idhini ya mzazi. Wasichana wa miaka 9 hadi 14 hupewa bure chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Uvumi kwamba chanjo hiyo huleta utasa hauna ukweli wowote, na mzazi asiusikilize.

Kijana aliyewahi kujamiiana bila kondomu na akapime hata kama hana dalili. Akikutwa na ugonjwa, mwenzake naye atibiwe, la sivyo wataambukizana upya.