Mwalimu Aliyeacha Kiti

Ndugu wanafunzi wa Mkonze, nanyi wa vijiji vya jirani, sogeeni karibu na redio. Fungueni kitabu, mfuate kila neno kwa kidole.

Leo tunasoma habari za Julius Kambarage Nyerere. Alizaliwa Butiama, upande wa Ziwa Victoria, mwaka 1922. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki. Lakini mtoto huyu hakuanza kusoma mapema. Alikuwa na miaka 12 alipoingia shule ya Mwisenge, Musoma. Basi wewe uliyechelewa kushika kalamu, usione haya.

Alisoma Tabora, kisha Makerere, kisha Edinburgh, Uskoti. Aliporudi alifundisha shule ya Pugu, karibu na Dar es Salaam. Tarehe 7 Julai 1954 yeye na wenzake waliunda TANU, chama cha kudai uhuru. Mwaka 1955 alikwenda New York kuueleza Umoja wa Mataifa kwamba watu wa Tanganyika wanataka kujitawala. Baada ya kurudi ilimbidi achague: ualimu au siasa. Akaacha ualimu, na mshahara wake pia. Lakini jina la Mwalimu lilibaki naye mpaka kufa.

Mei 1961 alikuwa Waziri Mkuu, yaani kiongozi wa serikali. Tarehe 9 Desemba mwaka huo Tanganyika ilipata uhuru. Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Tarehe 22 Januari 1962, wiki sita tu baada ya uhuru, Nyerere alijiuzulu. Kujiuzulu ni kuacha cheo mwenyewe. Kiti chake alikikalia Rashidi Kawawa.

Kwa nini alifanya hivyo? Fikirini tembe. Nguzo zimesimama, na juu pamefunikwa kwa udongo. Je, kazi imekwisha? Hata kidogo! Kama kuta hazijakandikwa, upepo utaingia na watoto watalala kwa baridi. Uhuru ulikuwa paa. Kuta ni watu wenyewe. Kwa hiyo Nyerere alitoka ofisini, akazunguka nchini kukijenga chama na kuwaeleza watu kazi iliyobaki: kushinda ujinga, umaskini na maradhi.

Watu hawakumsahau. Tarehe 9 Desemba 1962 alikuwa Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika. Mwaka 1964 Tanganyika iliungana na Zanzibar. Mwaka 1970 aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, jirani yenu. Mwaka 1985 aliacha urais kwa hiari yake. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa kwao Butiama.

Ndugu mwanafunzi, nawe una ukuta wa kukandika. Siku utakaposoma mwenyewe karatasi ya kura, au hati ya shamba lako kabla ya kutia sahihi, bila kumwomba mtu akusomee, ujue ukuta wako umesimama.

Maswali:
1. Nyerere alianza shule akiwa na umri gani?
2. Kujiuzulu maana yake nini?
3. Ni karatasi gani nyumbani kwako ungependa kuisoma mwenyewe? Andika jina lake.

Kwaherini mpaka somo lijalo.