Koo la Mtutu Halichongwi kwa Tupa

Katika lugha yetu neno "risasi" hutaja vitu viwili: madini laini ya kijivu, na kile kirukacho kutoka katika mtutu. Makala hii yahusu mahali vitu hivyo viwili vinapokutana, yaani ndani ya bastola ya silinda, na yawahusu hasa wananchi wa mpakani wanaoimiliki silaha hiyo kwa leseni.

Risasi za bastola hiyo hukaa katika matundu ya silinda, aghalabu sita. Kifyatulio kivutwapo, risasi huvuka mwanya mwembamba ulio kati ya silinda na mtutu. Mlango wa mtutu umechongwa mfano wa faneli, mpana mwanzoni na mwembamba mbele, ili uipokee risasi na kuielekeza kwenye mifuo. Mlango huo tuuite koo la mtutu.

Koo likiwa na mikwaruzo, huikwangua risasi isiyo na ganda la shaba. Madini yaliyokwanguliwa huganda kooni na katika mifuo, shabaha ikapotoka. Fundi silaha aliyehitimu huweza kulichonga koo kwa chombo maalumu, kisha akalisugua kwa unga laini wa kusagia mpaka liwe nyororo.

Hata hivyo, fundi huyo hupima kabla ya kuchonga, kwa maana koo si chanzo pekee. Risasi iliyo nyembamba kuliko mtutu hupitisha gesi moto ubavuni mwake na kuyeyuka kidogo; silinda isiyolingana na mtutu huinyoa risasi upande mmoja. Kasoro hizo hazitibiwi kwa kulainisha koo. Tena chuma kilichoondolewa hakirudi. Koo lililopanuliwa kupita kiasi huipokea risasi kombo, na ukuta wake ukipungua huweza kupasuka. Vipande vya madini hurushwa pembeni kupitia ule mwanya, vikamdhuru aliyesimama kando. Ndiyo maana tupa na msasa wa nyumbani havifai kabisa.

Hata usafishaji wa kawaida wahitaji hadhari. Hakikisha kwanza kwamba silinda ni tupu. Madini ya risasi ni sumu, na watoto ndio wadhurikao zaidi. Safisha silaha mahali penye hewa, mbali na chakula na watoto. Kisha nawa mikono kwa sabuni, na ubadilishe nguo kabla ya kumpakata mtoto.

Lipo jambo la mwisho, nalo ni zito. Mtu aweza kusikia kwamba ng'ambo ya mpaka yupo fundi wa bei nafuu, akaifunga bastola katika mzigo na kuvuka. Leseni aliyopewa nchini mwake haimpi ruhusa ya kuingiza silaha katika nchi nyingine. Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa saini tarehe 21 Aprili 2004 na mataifa ya Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, yazitaka nchi hizo kuharamisha usafirishaji wa silaha usio na kibali, pamoja na kufuta au kubadili alama zake. Hivyo safari ya kutafuta matengenezo huweza kuishia mahakamani.

Ndugu mwananchi, bastola ikianza kukosa shabaha au kutema vipande pembeni, acha kuitumia. Fika kituo cha polisi kilicho karibu nawe, bila kuja na silaha, uulize fundi aliyeidhinishwa na namna halali ya kumfikishia. Kuuliza hakugharimu kitu. Mtutu uliopasuka huweza kugharimu jicho.