"Siku ya Baadaye": rapu inayomfaa mwanafunzi wa Kiswahili

Mwezi wa Januari 1960, mjini Bruxelles, Kabasele na kundi lake African Jazz walitunga "Indépendance Cha Cha", wimbo wa kushangilia uhuru uliokaribia. Nusu karne baadaye Baloji, rapa aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978 na kukulia Ubelgiji, aliurudia kwa maneno mapya, akiuliza uhuru huo umezaa nini. Wimbo wake umo katika albamu Kinshasa Succursale (2011), iliyorekodiwa Kinshasa pamoja na wanamuziki wa huko.

Baloji huimba hasa kwa Kifaransa, lakini wimbo huu aliupa majina mawili: "Le jour d'après" na "Siku ya baadaye". Jina la Kifaransa lataja siku inayofuata tukio, yaani kesho yake. La Kiswahili lasema zaidi, kwani "baadaye" ni yale yaliyofuata na pia yale yatakayokuja. Ndiyo maana husemwa "maisha ya baadaye". La kwanza lahesabu miaka iliyopotea, la pili ladai pia ile iliyobaki. Kwa vijana wa Kongo tofauti hiyo si ndogo. Yafaa basi rapu hii isikilizwe darasani, si dansini tu.