Zebaki ya Geita: Tuangalie moshi kabla ya samaki

Kuanzia Mwanza mpaka Kahama, wakazi wa Kanda ya Ziwa wanajiuliza jambo moja: je, sangara na sato wa Ziwa Victoria bado ni salama, ilhali wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita na Shinyanga wanatumia zebaki kila siku? Swali hilo ni la haki. Wanasayansi wa maji na wa madini wamelishughulikia tangu miaka ya 1990, na majibu yao yanaonyesha kwamba hofu yetu kubwa tumeielekeza ziwani wakati ilipaswa kuanzia nyumbani.

Tuanze machimboni. Mawe yakitolewa kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, husagwa kwenye karasha, unga wake huoshwa kwenye mwalo, na mchanga mzito unaobaki hukandwa pamoja na zebaki, mara nyingi kwa mikono mitupu. Zebaki hunasa chembe za dhahabu. Mchanganyiko huo hukamuliwa kwa kitambaa hadi kibaki kitonge, kisha kitonge huchomwa motoni. Zebaki huchemka kwenye nyuzi joto 357 za Selsiasi, hivyo hugeuka mvuke na kuiacha dhahabu peke yake. Peter van Straaten wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, aliyechunguza uchimbaji mdogo wa Tanzania na Zimbabwe, aliandika mwaka 2000 kwamba asilimia 70 hadi 80 ya zebaki inayopotea katika kazi hii huenda hewani. Sehemu iliyosalia huishia kwenye marudio (mabaki ya mchanga uliokwisha kuoshwa), kwenye udongo na kwenye vijito.

Hapo ndipo safari mbili tofauti zinapoanza, na ni muhimu kuzitenganisha. Zebaki ya majimaji, ile inayong'aa chupani, mtu akiimeza kwa bahati mbaya karibu yote hupita tumboni bila kufyonzwa. Mvuke wake ni habari nyingine kabisa: takriban asilimia 80 ya mvuke unaovutwa hubaki mwilini, ukaingia kwenye damu, ukafika kwenye ubongo na figo. Safari ya pili ni ya polepole. Zebaki ikizama kwenye matope yasiyo na hewa, bakteria wa humo huigeuza kuwa methilizebaki. Hii hufyonzwa karibu yote na utumbo, hupenya kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni, na mwili wa binadamu huchukua takriban siku 50 hadi 70 kuondoa nusu yake. Majini huanzia kwenye vijidudu, ikaingia kwa dagaa na furu, na kila samaki mkubwa anayekula mdogo hurithi ya wote aliowameza. Sangara yuko juu kabisa ya ngazi hiyo.

Sumu ya namna hii ina ubaya wake wa pekee. Mwaka 1998, bahari ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe ya Mafia na Unguja yalipauka, na mzamiaji yeyote aliweza kuona kwamba mwamba unaumwa. Samaki mwenye methilizebaki, kinyume na matumbawe hayo, haonyeshi kitu. Rangi yake ni ileile, ladha ileile, na kumkaanga au kumbanika hakuiondoi. Bila maabara hakuna anayejua, na ndiyo maana kazi ya watafiti wanaochota tope na kukata minofu kwa ajili ya vipimo inastahili kuheshimiwa na kulipiwa.

Vipimo vimesema nini? Justinian Ikingura wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Hirokatsu Akagi wa Japani walichapisha mwaka 1996 matokeo ya samaki na nywele za watu katika ukanda huu wa dhahabu, na kwa jumla viwango vya samaki wa ziwa vilikuwa vya chini. Mwaka 2003, chini ya mradi wa kimataifa wa zebaki wa UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, timu iliyojumuisha wanasayansi wa Uingereza na Tanzania ilipima mazingira ya Rwamagasa, wilayani Geita, pamoja na samaki wa Ghuba ya Nungwe. Samaki wa ghuba hiyo walikuwa chini ya miligramu 0.5 kwa kilo, kiwango kinachotumiwa sana kama mpaka wa usalama. Waliozidi walipatikana jirani na machimbo yenyewe.

Kwa nini ziwa limesalimika kiasi hicho? Udongo mwekundu wa huku una chuma kingi na huishika zebaki isisafiri mbali. Maji ya ziwa yamejaa mwani, kwa hiyo zebaki kidogo iliyopo hugawanyika kwa viumbe wengi, na samaki wa maji ya joto hukua haraka kuliko sumu inavyojikusanya. Jiografia nayo ina sehemu yake. Maji ya Rwamagasa hayaelekei Ziwa Victoria hata kidogo: huingia mto Isingile, kisha Nikonga, kuelekea bonde la Malagarasi na Ziwa Tanganyika. Anayetaka kujua sumu ya machimbo inakwenda wapi afuate mteremko wa maji, asifuate umbali wa kwenye ramani.

Basi tugeukie moshi. Mwaka huohuo wa 2003 madaktari waliwapima watu 180 wa Rwamagasa, wakawalinganisha na 31 wa Katoro wasiofanya kazi hiyo. Walichukua damu, mkojo na nywele, wakaangalia kutetemeka kwa mikono na kuyumba wakati wa kutembea. Takriban robo ya wachoma vitonge waligundulika kuwa na sumu ya zebaki mwilini. Hawa ni watu walioinamia jiko la mkaa, wengine uani kwao, watoto wakicheza pembeni na chakula cha jioni kikisubiri moto uleule. Inaumiza kusoma takwimu hiyo ukijua kwamba chombo cha kuzuia sumu hiyo ni chuma chenye mfuniko na bomba: mvuke hupoa ndani ya bomba, zebaki hurudi kuwa majimaji, na mchimbaji huitumia tena badala ya kununua nyingine.

Kuna chanzo kingine kisichotajwa machimboni. Masazumi Harada, daktari wa Japani aliyeuchunguza ugonjwa wa Minamata, yaani ule wa sumu ya methilizebaki, maisha yake yote, alipima nywele za wachimbaji, wavuvi na wakazi wa Mwanza, na mwaka 1999 yeye na wenzake walieleza kwamba baadhi ya waliokuwa na zebaki nyingi mno walikuwa wakitumia sabuni zenye zebaki. Sabuni na krimu za kujichubua, kwa maneno mengine, zinaweza kumjaza mtu sumu hata kama hajawahi kukanyaga mwalo.

Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki uliopitishwa mwaka 2013 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 2020, unataja vitendo vya kukomeshwa kwanza: kukandia zebaki kwenye mawe yote yaliyosagwa, kuchoma kitonge wazi, kuchoma katika makazi ya watu, na kutia sayanidi kwenye marudio ambayo bado yana zebaki. Hicho cha mwisho ndicho ningependa Geita na Shinyanga wakitazame kwa karibu zaidi. Sayanidi huyeyusha zebaki pamoja na dhahabu, na zebaki iliyoyeyushwa husafiri na maji kwa urahisi ambao ile iliyoshikwa na udongo haikuwa nao. Vipimo vya 2003 haviwezi kuzungumzia marudio yanayochenjuliwa leo. Samaki na tope lazima vipimwe upya mara kwa mara, na matokeo yasomwe kwenye mikutano ya vijiji.

Kwa sasa, mama mjamzito wa maeneo ya machimbo kama Nyarugusu au Mwakitolyo hana sababu ya kuacha dagaa na sato wa ziwani. Lishe yao anaihitaji. Akae mbali na mahali kitonge kinapochomwa, nguo za kazi za mumewe zifuliwe peke yake, na kambare au kamongo waliovuliwa kwenye mashimo na vijito vya machimbo wasiingie chunguni.