Tiba haianzi kwa kusimulia

Wengi walionajisiwa utotoni huchelewa kumwona mnasihi hata wakiwa watu wazima. Wanahofu kuketishwa na kuambiwa, haya, eleza yote. Wengine walijaribu kusema nyumbani wakajibiwa kwamba yaliyopita si ndwele. Ndwele ipo: usingizi wa mang'amung'amu, mwili kuganda mwenza anapowagusa, harufu ya sabuni fulani inayowarudisha kwenye chumba kile kile.

Si wachache. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009 kwa vijana wa miaka 13 hadi 24 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Vijana hao leo ni watu wazima.

Judith Herman, daktari wa akili wa Marekani, aliigawa tiba ya kiwewe katika hatua tatu kwenye kitabu chake cha 1992, na ya kwanza ni usalama. Mnasihi huanza kwa kuuliza unalalaje, unaishi na nani, na je, aliyekutenda bado anakuja kwenu sikukuu? Utajichagulia kiti, ukitaka kile kinachotazama mlango, ni sawa. Utafundishwa namna ya kujirudisha unapohisi unapotea: kanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona. Huonekana kama mchezo wa chekechea, lakini pasipo hayo kumbukumbu zikifunguliwa humzamisha mtu.

Baadaye huja kazi ngumu, ile ya lawama. "Sikupiga kelele, basi nilikubali." Mnasihi mzuri habishani nawe. Anauliza: ulikuwa na miaka mingapi? Yeye je? Ufunguo wa chumba alikuwa nao nani?

Mashariki mwa Kongo, tiba ya kuzichunguza fikra za namna hiyo ilitolewa kwa vikundi vya wanawake walionusurika ukatili wa kingono. Walioiendesha walikuwa wasaidizi wa kijamii wa Kikongo, si madaktari bingwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha nafuu kubwa kuliko kwa waliopewa msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja.

Kabla ya kuanza, muulize mnasihi kama amesomea tiba ya kiwewe. Akikuharakisha kusimulia, au akikushurutisha umsamehe aliyekutenda ndipo upone, tafuta mwingine.