Pombe, Hasira na Kipigo katika Ndoa

Mara nyingi mume aliyempiga mkewe huja kwa mchungaji na neno moja: "Ilikuwa ni pombe tu." Je, tulipokee neno hilo? Mwaka 1990 wanasaikolojia Claude Steele na Robert Josephs wa Marekani walieleza kwamba kileo hufinya fahamu za mtu. Huona lililo karibu naye, yaani neno lililomchoma, asiyaone matokeo ya mbali. Hivyo aliyezoea kushindwa na hasira akiwa na akili timamu huzidi kushindwa akilewa. Hilo ni kweli. Lakini mlevi huyo huyo, akitoka kwenye mbege, humpita balozi wa nyumba kumi kwa adabu zote, na kipigo hukiweka hadi afike nyumbani! Basi si pombe iliyomchagulia wa kumpiga. Kumwonya aache kunywa ni vema, ila hakutoshi. Wapo wapigao bila kuonja hata tone. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 66, haimpi mwanandoa ye yote haki ya kumchapa mwenzake. Kwa hiyo tumsikilize mke kwanza, akiwa peke yake, wala tusiharakishe kuwapatanisha mbele ya wazee wa kanisa kabla hatujajua atalala wapi usiku ule.