Programu za kurekodi televisheni nyumbani

Programu za kurekodi televisheni nyumbani ni programu za kompyuta zinazopokea matangazo ya televisheni, kuyahifadhi kwenye diski na kuyaonyesha kwa wakati anaoutaka mtazamaji. Nyingi huonyesha pia filamu, muziki na picha zilizomo kwenye kompyuta. Mifano ni Kodi, MythTV, Tvheadend, NextPVR na Jellyfin.

Jijini Dar es Salaam, uchaguzi wa programu hizi hutegemea kwanza jinsi matangazo yanavyofika nyumbani. Anayeanza kwa kununua vifaa Kariakoo kabla ya kulijua hilo huweza kurudi na kompyuta nzuri isiyorekodi hata chaneli moja.

Kutoka deki hadi king'amuzi

Tanzania Bara ilipata televisheni mwaka 1994, baada ya Zanzibar iliyokuwa nayo tangu miaka ya 1970. Wakati huo aliyetaka kurekodi alitia kanda ya VHS kwenye deki na kubonyeza kitufe. Chochote kilichoonekana kwenye kioo kiliweza kurekodiwa.

Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na king'amuzi kikakaa kati ya antena na televisheni. Chaneli za kulipia, ziwe za antena au za dishi, hutumwa zikiwa zimefungwa kwa msimbo, na king'amuzi chenye kifurushi hai ndicho huzifungua. Kompyuta haina ufunguo huo. Ving'amuzi vingine hurekodi vyenyewe kwenye diski ya ndani au flashi, lakini mara nyingi rekodi hiyo huchezwa na king'amuzi kilekile tu.

Kwa hiyo programu hizi hufaa kwa chaneli zinazotumwa bila kufungwa. Kipimo chake ni rahisi: waya wa antena uchomekwe moja kwa moja kwenye televisheni yenye tyuna ya DVB-T2 ndani, bila king'amuzi, kisha chaneli zitafutwe. Zitakazoonyesha picha ndizo kompyuta nayo itaweza kurekodi. Katikati ya Kariakoo, ambako maghorofa yamezizunguka nyumba za chini, antena ya chumbani huenda isitoshe. Afadhali ile ya juu ya paa. Tyuna ya USB inayonunuliwa iwe ya DVB-T2, kwani ya DVB-T pekee haisomi mfumo huo mpya.

Kuchagua programu

Kodi ilianza mwaka 2002 kama kichezeshi cha mashine ya michezo ya Xbox, ikaitwa XBMC, na kupewa jina la sasa mwaka 2014. Ni bure na inapendeza kwenye televisheni, lakini yenyewe haina chaneli na haishiki tyuna. Huhitaji programu nyingine nyuma yake ya kupokea na kurekodi. Visanduku vinavyouzwa kwa maneno "Kodi yenye chaneli zote" huwa vimewekewa viongezo vya watu wengine vinavyochota matangazo mtandaoni, mara nyingi bila idhini, na viongezo hivyo hufa wakati wowote.

Mwenzi wa kawaida wa Kodi ni Tvheadend, seva inayotumia Linux, hata kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. MythTV hufanya kazi zote mbili, ila kuiweka kunahitaji subira. Kwa mwenye Windows njia fupi ni NextPVR, hasa kwa kuwa Windows Media Center iliondolewa katika Windows 10 mwaka 2015. Jellyfin ni nzuri kwa kugawa rekodi kwa simu za watu wa nyumbani, lakini haisomi tyuna ya USB moja kwa moja. Plex hudai malipo kwa kazi ya kurekodi.

Diski, umeme na saa

Chaneli ya kawaida inayotumwa kwa megabiti 2 kwa sekunde hula takriban megabaiti 900 kwa saa. Mechi ya saa mbili basi ni kama gigabaiti 1.8, na diski ya gigabaiti 500 huchukua zaidi ya saa 500. Rekodi zihifadhiwe katika muundo wa TS: umeme ukikatika katikati, sehemu iliyokwisha kurekodiwa kwa kawaida huchezeka, wakati faili la MP4 lisilofungwa vizuri huweza kupotea lote.

Kosa dogo linalowapata wengi ni la saa. Programu hizi huhesabu kuanzia usiku wa manane, hivyo taarifa ya habari ya saa 2 usiku huandikwa 20:00. Aliyeandika 02:00 atarekodi kipindi cha saa 8 usiku. Ni vizuri pia kuanza dakika tano kabla na kumaliza dakika kumi baada, maana mpira una dakika za nyongeza na vipindi huchelewa.

Hakimiliki

Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA. Kurekodi kipindi ili familia ikitazame jioni ni jambo tofauti na kukionyesha kwa kiingilio katika kibanda umiza au kuuza nakala zake kwenye flashi. Hayo mawili yanahitaji idhini ya mwenye haki.